Bhoke Wawili wa Mpekuzi

Mpekuzi hakuwa na mwili. Alikuwa sauti tu ndani ya kuta za maktaba, na mwanafunzi akiuliza jambo, hata hajakaa vizuri, meza imeshawaka majibu: tafiti, ramani, hotuba za watu waliokufa zamani. Hapo kale kila chuo kilikuwa na hifadhidata yake na mlango wake. Mpekuzi alizifuma zote kuwa moja, na humo kila binadamu, awe hai au marehemu, akafungiwa fundo moja la kumbukumbu. Wegesa, mkutubi wa shule hii ya wasichana jijini Musoma, alikuwa na kazi ya kumsahihisha.

Asubuhi moja Mpekuzi akamuuliza, "Bhoke Mwita mtafiti wa mbegu, na Bhoke Mwita mwanafunzi wa kidato cha sita. Ni mtu mmoja?"

Wegesa akacheka. Wa kwanza alikuwa mama yake mzazi, marehemu. Wa pili ni binti yake, aliyerithi jina la bibi yake, na kwao mtoto wa namna hiyo anaheshimiwa kama huyo bibi mwenyewe. Tangu yuko kwenye nepi Wegesa alimwita "mama", na ndugu wakija kumwona walisema bibi karudi. Akajibu kama ambavyo angemjibu shangazi yake: "Ndiye huyo huyo. Mama yangu amerudi."

Jamani! Mashine itajuaje maneno ya nyumbani?

Siku chache baadaye Bhoke akaingia maktaba akilia. "Mama, wamekataa kunisajili kwa mtihani. Wanasema nimekufa."

Wegesa akampigia mhandisi wa Hifadhi Kuu, anakotunzwa Mpekuzi, kijana mmoja mpole aitwaye Tumsifu, naye akaja mwenyewe. Alikagua fundo la Bhoke kwenye meza, kisha akasema.

"Kumbukumbu zao wawili zimekwisha kuchanganyika kama unga na maji, dada. Nakala za vyuo zilifutwa Mpekuzi alipozifuma. Aliye hai naweza kumtambua kwa mwili wake, nikamfungia fundo jipya. Lile la zamani lazima lifutwe lote."

"Na hotuba za mama yangu? Sauti yake?"

"Zitaondoka. Pole sana."

Bhoke akafuta machozi. "Msimfute bibi. Nitarudia mwaka."

"Mdogo wangu, marehemu harudii mwaka," Tumsifu akasema. "Hata hospitali, ukiugua, hawatakupokea."

Wegesa alimtazama binti yake, kisha ile meza ambayo kila akizidiwa na upweke aliigusa, mama yake akaanza kuzungumza. Roho ilimuuma mno. Alijua mkosaji ni nani, na hakuwa na wa kumsukumia lawama. Akaweka kiganja chake juu ya kioo, kama sheria ilivyomtaka mkutubi, akasema, "Futa."

Meza ilizimika, ikawaka tena. Jina la Bhoke likaonekana kwenye orodha ya watahiniwa. Tumsifu akaaga kwa sauti ya chini, akatoka.

"Basi nisimulie wewe," Bhoke akasema. "Ile hotuba yake ya mtama na ukame. Umeisikia mara ngapi!"

Wegesa akakohoa kidogo. "Mtama hauogopi jua, mkulima ndiye..." Akaanza upya, akakwama palepale.

"Endelea, mama."

"Sikuwahi kuyashika kichwani," Wegesa akasema. "Nilikuwa nikiyataka, namuuliza Mpekuzi tu."

Bhoke akasogeza kiti karibu, akamshika mkono. "Basi acha maneno. Niigie sauti yake tu. Alikuwa anaongeaje?"

Wegesa akafumba macho, akavuta pumzi kifuani kama alivyokuwa akifanya mama yake kabla ya kusema, akafungua kinywa. Ikatoka sauti yake mwenyewe.