Bomba la Nje

Mtaani walimwita Spana. Alikuwa fundi bomba, na mdomo wake haukuwa na koki.

Asubuhi moja alikuwa saluni kwa jirani yake, msusi. Bomba lililozikwa ndani ya ukuta lilikuwa limeoza, na maji yalichuruzika hadi chini ya viti vya wateja.

"Hili tunaliua," Spana alisema. "Jipya tunalipitisha nje ya ukuta."

"Nje, fundi? Wateja wangu walione?"

"Walione tu. Unataka ukuta mzuri au nyumba kavu?"

Msusi akanuna. Mke wa Spana, aliyekuwa kwenye kiti akisukwa, alicheka mpaka msusi akamwomba atulize kichwa.

Spana akaenda msalani. Alipotazama chini, mkojo ulikuwa mwekundu. Haukuuma hata kidogo.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi uliopita alijiambia kwamba ni kama kutu ya tangi, na kutu dawa yake ni kuisukuma kwa maji mengi. Alikunywa maji jagi kwa jagi. Damu ikakata, naye akajipongeza kwa ufundi wake.

Jioni hiyo mkewe alimkuta jikoni, jagi mdomoni.

"Baba Watoto, una ugomvi gani na hilo jagi?"

Ikabidi aseme. "Ni kutu tu, Mama Watoto. Inasafishika."

"Kutu? Kwani wewe umetengenezwa kwa chuma?"

Kesho yake alimpeleka hospitali, nusu kwa maneno, nusu kwa kumshika mkono wa shati.

Walipokelewa na nesi, mwanamume mpole wa makamo. Hakumcheka Spana.

"Damu kwenye mkojo ni ya kuleta hospitali," alisema. "Hata ikitoka mara moja, hata kama haiumi. Na ikikata yenyewe, haina maana kwamba umepona."

Daktari alitaka kuchungulia kibofu kwa kamera ndogo yenye mrija.

"Mrija wa inchi ngapi?" Spana aliuliza haraka.

"Mwembamba kuliko unavyofikiri. Na tutakutia ganzi."

Walichukua kipande cha nyama ya kibofu kwenda kukipima. Majibu yalipotoka, daktari aliwaketisha wote wawili. Ilikuwa saratani ya kibofu cha mkojo, tena ya aina adimu.

Spana alinyamaza. Mkewe hakuwahi kumwona amenyamaza, na kimya kile kilimtisha kuliko jina la ugonjwa.

Mwishowe Spana akauliza, "Adimu, yaani sina wenzangu?"

"Unao, ila wachache," daktari alijibu. "Ndiyo maana matibabu yanayowafaa wengi huenda yasikufae wewe."

Nesi alibaki nao, akawachorea picha.

"Saratani haijatoka nje ya kibofu. Hiyo ni habari njema. Njia ya kwanza ni kuacha kibofu na kutumia mionzi na dawa. Kwa aina yako, daktari haiamini sana. Njia ya pili ni kutoa kibofu na kushona kingine kwa kipande cha utumbo wako. Lakini uvimbe wako uko karibu mno na njia ya mkojo, kwa hiyo hashauri. Ya tatu ni kutoa kibofu, mkojo utokee kwenye kitundu tumboni, uingie kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Uamuzi ni wako. Ukitaka, muulize na daktari mwingine. Ila usikawie."

"Nachagua ya kwanza," Spana alisema, hata kabla ya kuangalia picha vizuri.

Nyumbani mkewe alimbana aseme sababu.

"Fundi bomba mzima, bomba lining'inie nje?" alisema. "Mtaa mzima utanicheka."

Mkewe akamuuliza:

"Unataka ukuta mzuri au nyumba kavu?"

Spana akajitazama tumboni.

"Huo ukuta nimeutazama miaka yote hii," mkewe aliendelea, "wala si mzuri kiasi hicho. Mimi nataka nyumba isimame." Kisha akalia, na Spana naye akalia.

Walimwona daktari wa pili, naye akasema vilevile. Wakarudi kwa nesi na maswali. Mfuko unanuka? Hapana, ukibandikwa vizuri. Kazi je? Utaifanya ukipona, ila vyuma vizito uwaachie wengine. Na mambo ya chumbani?

"Yanaweza kubadilika," nesi alisema bila kuzunguka. "Kuna msaada. Njooni wote wawili, msione haya."

Akampa mfuko aushike. Chini yake ulikuwa na koki ndogo. Spana aliifungua, akaifunga, akaifungua tena.

"Aliyetengeneza hii ni fundi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya majibu akatabasamu.

Akachagua njia ya tatu. Kabla ya upasuaji nesi alimwambia avae mkanda wake wa kazi, wenye spana zote. Alimketisha, akamwinamisha, akamchuchumaza kama aliye chini ya sinki. Kisha akaweka alama ya kalamu tumboni, pa kutobolewa, mahali ambapo mkanda haukugusa. Spana alitamani vibarua wake wangepima hivyo kabla ya kutoboa kuta za watu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Miezi ikapita, vipimo vikawa safi, ingawa alitakiwa kuendelea kupimwa. Akarudi kazini.

Siku moja msusi alimwita. Kiungo cha bomba la nje kilikuwa kinadondosha maji.

"Nimeona tone mara moja tu, nikakuita," msusi alisema. "Na bomba nimelipaka rangi, unaona?"

"Langu limeshonewa nguo." Spana akainua pindo la shati. Mfuko ulikuwa umevishwa kitambaa cha maua, kipande cha pazia la sebuleni kwake.

Msusi alicheka. Kisha akaacha, akashusha sauti.

"Fundi, mume wangu naye anakojoa mwekundu. Anasema ni joto la mwili tu."

Spana akaweka spana chini. "Yuko wapi?"

"Nyumbani. Anakunywa maji."

Spana hakumaliza kufunga kiungo. Aliweka ndoo chini ya bomba, akashika njia ya nyumbani kwa msusi.