Tuliposhiba Tukanyamaza

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilifagia vumbi la mbao katika karakana ya baba. Baba yangu ni seremala. Zamani, wateja walipokuwa wa kuhesabu, alikuwa akituita mama na mimi kando ya meza yake ya kazi tuombe pamoja, ndipo ashike msumeno.

Kisha tukajaliwa. Zikaja kazi za milango na vitanda, tukala tukasaza. Baba akaanza kufupisha sala, mwishowe akaiacha kabisa.

"Baba watoto, leo hatuombi tena?" mama aliuliza.

"Mungu haondoki, mke wangu. Mteja ndiye anayeondoka!"

Nilicheka sana, maana sala ilinichelewesha shule.

"Haya. Shibe mwana malevya," mama alisema, akaenda zake.

Ili mbao zipite upesi, baba aliondoa kile kibati cha kukinga mkono kwenye msumeno wa umeme. Jumatano moja asubuhi nilisikia mlio wa msumeno ukibadilika, kisha baba akapiga ukelele. Vidole viwili vilikuwa vimekatika. Damu ilitapakaa kwenye vumbi, nami nikasimama na fagio mkononi, nisijue la kufanya.

Siku ya nne hospitalini, mkono ulivimba ukaanza kunuka. Daktari hakutuficha.

"Homa isiposhuka hadi kesho, itabidi tuukate mkono wote."

Seremala bila mkono! Mama alinivuta kando. "Njoo tuombe."

"Mimi siombi," nilisema. Nilikuwa na hasira, na aibu kuliko hasira. "Tulipopata tulimsahau. Leo tumrudie kwa uso gani?"

"Kwa uso huu huu wenye machozi. Wewe ukinikosea asubuhi, njaa ikikuuma mchana unakwenda kula kwa nani?"

Nilipiga magoti kando yake. Niliomba huku nikilia.

Kesho yake homa ilishuka. Mkono ulibaki, na vidole vyake vitatu. Nilipokuwa nikimnywesha baba uji, nilimuuliza jambo lililonikaa rohoni.

"Baba, Mungu alikuadhibu?"

"Hapana, mwanangu. Kibati nilikiondoa mwenyewe, kwa tamaa yangu. Mungu nilimwita nikiwa na maumivu, wala hakuniuliza siku zote hizo nilikuwa wapi."

Akautazama mkono wake uliofungwa bendeji.

"Kumwita Mungu kwenye shida si kazi. Hata mwizi akikimbizwa humwita. Mimi naiogopa siku nitakayopona, kazi zijae tena, sufuria ijae. Mtu humsahau Mungu hapo. Kwa hiyo tumwombe tukiwa na njaa, na tumshukuru tukiwa tumeshiba. Ukiona nimeshiba nikanyamaza, usinichekee. Nikumbushe."

"Nitakukumbusha, baba," nilisema, na safari hii sikucheka.