Kiti cha Mwitikiaji

Ujumbe wa kwanza aliousoma Witness Jumapili ile, bodaboda ikimpandisha Kinole, kijijini kwao, ulimchekesha. "Babu anasimulia vizuri, ila huyo anayemwitikia ana sauti ya mtu aliyefukiwa." Wa pili ukamkata kicheko. "Mwambieni huyo mwitikiaji aache. Mwanangu analia toka jana."

Hakukuwa na mwitikiaji. Witness alikuwa amemfuta mwenyewe, kwa mkono wake.

Binti huyu alisomea ngano na visasili chuoni, Morogoro mjini, na kila alichokirekodi milimani alikipandisha mtandaoni. Mwezi uliopita babu yake, mzee Severini, alimsimulia kisa cha jini wa korongoni. Kwao kisa hicho hakisimuliwi hivihivi. Msimulizi akiita, "Mpo?" lazima aliyeketi ubavuni pake aitike, "Tupo," mara saba, mpaka mwisho. Kiti hicho kikibaki kitupu, wazee husema, anayesimuliwa huja kukikalia mwenyewe. Kwa miaka arobaini kilikuwa kiti cha bibi Veronika. Lakini bibi ana kikohozi, na watazamaji wa siku hizi hawana subira, basi msomi wetu akafuta "Tupo" zote saba, akajipongeza kwa kazi safi. Kitabu anakijua, mwiko hajui!

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo?"

Akamsikilizisha klipu. Sauti ya mzee ikaita, "Mpo?" Pale alipopafuta Witness, kitu kikaitika taratibu, kwa sauti nzito, "Nipo."

Simu ikamponyoka Severini. "Bibi yako umemtoa?" alinong'ona. "Witness, umemtoa kitini?"

 Jikoni sufuria lilianguka, ikaja harufu ya damu mbichi na karafuu zilizooza, na bibi Veronika, kitenge chake cha kanisani bado kiko kiunoni, akarushwa mlangoni kama gunia la ndizi, akabamizwa ukutani, na mfupa wa mkono wake wa kushoto ukavunjika kwa mlio ambao Witness aliusikia mpaka kwenye meno.

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Jua la saa saba liliwaka uani na kuku walikuwa wanachakura.

"Anataka kiti," alisema Severini. "Tuanze upya. Vero, mke wangu, itika. Ukiitika mpaka mwisho ataondoka. Mwingine hawezi kukusemea."

"Simulia," alisema bibi.

Akasimulia. Kila alipoita, bibi aliitika, na kila alipoitika alipigwa: kwanza kofi lisilo na mkono likampasua mdomo, kisha teke likamwingia mbavuni, kisha akaburutwa kwa nywele kutoka ukuta hadi ukuta huku Witness amemng'ang'ania miguu na kuburutwa naye, magoti yakichubuka kwenye sakafu, na mzee, ambaye alijua kwamba kila neno lake linamnunulia mkewe pigo jingine na kwamba akinyamaza tu mkewe atauawa, akaendelea kusimulia huku machozi na kamasi vinamchuruzika, wito wa nne, wa tano, wa sita, mpaka "Tupo" ya bibi ikawa povu jekundu.

Akafika wito wa saba. "Mpo?"

Kimya.

"Kaitika?" aliuliza mzee. "Masikio yangu mabovu. Witness, kaitika?"

Witness alikuwa ametega sikio kwenye midomo ya bibi. Hakusikia neno, hata pumzi hakuisikia. Aliona nywele zile nyeupe zikijizungusha polepole kwenye ngumi isiyoonekana, na kichwa cha bibi kikivutwa nyuma, nyuma zaidi, shingo ikianza kulia. Alimpenda bibi huyu kuliko mama aliyemzaa. Hakuweza kuvumilia.

"Kaitika, babu," alisema. "Nimemsikia."

Severini akakifunga kisa, akamrudisha wa korongoni korongoni na wa nyumbani nyumbani. Nywele zikalegea. Harufu ikapotea. Nje jogoo aliwika.

Bibi akafumbua macho.

"Ametoka!" mzee alicheka na kulia kwa pamoja. "Ametoka, mjukuu wangu, tumemshinda!"

Witness alitaka kufurahi naye. Lakini bibi alikuwa anajiinua, na alijiinua kwa mkono ule wa kushoto, mfupa umetokeza nje ya ngozi, akauegemea kwa uzito wake wote wala hakukunja uso. Alimtazama mjukuu kwa muda mrefu.

"Ahsante, mwanangu," alisema kwa upole, "kwa kunisemea."

Mzee Severini hakusikia. Alikuwa ameshapiga magoti, anamfuta damu mdomoni kwa shati lake la kanisani, anamwita mke wangu, mke wangu.