Mkaguzi wa Ghorofa ya Saba

Lifti mbili zilikuwa zimeharibika, na iliyobaki iligombewa na watu wa jengo zima. Chapuchapu, jina alilopewa na wenzake kazini kwa kutotulia kwake, alibonyeza kitufe mara ya tisa, gauni lake la njano limelowa jasho mgongoni.

"Dada, hicho kitufe kimeshakusikia," ilisema sauti nyuma yake. "Kionee huruma."

Aligeuka amjibu kwa ukali, akaishia kucheka. Kijana mrefu, shati la samawati, macho yanayotangulia kucheka.

Wote walishuka ghorofa ya saba. Kumbe kijana alikuwa mkaguzi wa faragha, ameletwa kuipitia tovuti ya kliniki ya akina mama, na Chapuchapu ndiye fundi wa tovuti hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa ya vidakuzi, vile vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye simu ya mgeni ili imtambue na kumhesabu akirudi. Vya kliniki viliishi miaka miwili. Mkaguzi alitaka visizidi miezi kumi na mitatu, tena mgeni aulizwe kwanza.

"Mwanamke akisoma habari za mimba kuharibika," alisema, "asifuatwe nazo miaka miwili."

Chapuchapu alibadilisha muda siku hiyo hiyo. Kisha simu za kijana zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nani mpenzi wako?"

"Samahani. Umekula, fundi?"

"Sijala, mpenzi."

Mwezi haujaisha, ripoti ikatua mezani kwa bosi. Kurasa za kompyuta zilikuwa safi. Za simu, wanakopita karibu wageni wote, zilibaki na miaka miwili. Na mbaya zaidi, mgeni akirudi siku zilihesabiwa upya, muda usiishe kamwe. "Uzembe wa fundi," iliandikwa. Bosi akampa siku tatu: arekebishe au aondoke.

Asubuhi ile ile kijana alikuwa amemtakia kazi njema bila kumdokeza neno! Moyo ulimwaka. Simu ilipolia akaikata. Ikalia tena, akamfungia namba.

Siku tatu hakukalika. Alizunguka ofisini, akarudi kwenye kompyuta, akainuka tena. Mwishowe akaliona kosa: kurasa za simu zilikuwa na mipangilio yake, ya zamani, ambayo hakuwahi kuifungua. Kosa lilikuwa lake kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliweka miezi kumi na mitatu, akazuia muda usijiongeze, akajaribu kwenye simu yake, ya bosi, hata ya karani wa mapokezi.

Siku ya tatu alikuja mama wa makamo mwenye miwani, ametumwa kukagua upya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akapima simu moja baada ya nyingine. "Sasa safi. Na lile neno uzembe unisamehe, nilikuwa mkali."

"Ripoti uliandika wewe?"

"Yule kijana alijitoa wiki ya kwanza. Alisema kuna mtu humu hawezi kumkagua kwa haki. Ripoti hata hakuiona."

Chapuchapu akaifungulia namba ya kijana, akapiga. "Uko wapi?"

"Leo umenikumbuka?"

"Nimekuuliza, uko wapi!"

"Hapa chini. Siku ya tatu leo. Mlinzi ameshanizoea, ananipa kiti."

Alishuka ngazi mbio, akafika anahema.

"Kwa nini hukuniambia umejitoa?"

"Ungeniuliza sababu."

"Nakuuliza sasa."

"Siwezi kumkagua mwanamke ninayetaka kumwoa."

Mlinzi alijifanya anasoma gazeti. Chapuchapu alifuta macho kwa kiganja.

"Nilikufungia namba bila kukusikiliza. Nisamehe."

"Nami nilinyamaza nilipopaswa kusema. Umenikubali lakini?"

"Ningekuwa sijakukubali, ningeshuka hivi?"

Kijana alimtazama kuanzia juu hadi chini. Chapuchapu alikuwa peku, viatu alivisahau chini ya meza yake, ghorofa ya saba.