Ndani ya Ghala la Baruti

Haya yalimpata rafiki yangu Placida, aliyekuwa akifanya kazi ya usafi London mwaka 1998. Mchana mmoja yeye na mwenzake Lusajo walitumwa kusafisha ghala la kampuni ya kale iliyokuwa ikitengeneza baruti, kabla halijageuzwa makumbusho. Placida alitangulia kuingia. Ukutani alikuta kibao cha zamani kikiwakataza wafanyakazi kuingia na chuma chochote, kisije kikatoa cheche.

Alipokuwa bado anakisoma, mlango mzito ukajifunga nyuma yake. Giza likawa totoro.

"Lusajo! Nifungulie!"

"Komeo limekwama, dada! Subiri!"

Alipiga mlango mpaka viganja vikamuuma. Ndipo akasikia nyayo laini, kama za mtu aliyevaa viatu vya kitambaa, zikimjia bila haraka. Zikasimama mgongoni pake. Placida alibana pumzi. Vidole vya baridi vikaanza kumpapasa kichwani, taratibu.

Lusajo alipofanikiwa kufungua, Placida alitoka, nywele zimemwangukia mabegani.

"Dada," Lusajo alinong'ona akitazama chini, "hivi umevipitishia wapi?"

Nje ya mlango, kizingitini, vibanio vyake vya nywele, vyote vya chuma, vilikuwa vimepangwa mstari mmoja.