Ujumbe Ambao Dorothée Hakuufikisha

Kila siku baada ya masomo, Dorothée Mukamurenzi alipitia nyumbani kwanza. Aliteka maji, akageuza maharagwe yaliyoanikwa uani, kisha akapanda tena kilima kurudi shuleni, hapo Nyamitaba. Katika chumba cha shule kilichopakana na kanisa kulikuwa na piano kuukuu. Kwa sababu ya ukungu wa milimani, vibonye vyake vilivimba na kukwama, kwa hiyo ndani yake kuliwekwa kopo la makaa makavu ya kunyonya unyevu. Dorothée ndiye aliyebadilisha makaa hayo na kufuta vibonye kabla ya somo.

Mwalimu wake, Madame Astrid, alikuwa mmisionari kutoka Kameruni. Alikuwa amefika miaka miwili iliyopita kufundisha muziki, na Dorothée alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Wengine walijaribu wiki moja au mbili wakachoka. Dorothée hakuchoka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na watu walipomwita "yule wa piano", alitembea ameinua kichwa.

Kisha akaja Nishimwe.

Nishimwe alikuwa wa rika lake. Alitoka kijiji cha Kingi kuja kuishi na shangazi yake, Mama Nyiraneza. Hakujua kusoma nota hata moja, lakini babu yake alikuwa mpigaji wa inanga, ala ya nyuzi, na tangu utotoni alizoea kusikiliza. Madame Astrid alipiga wimbo mara mbili tu, Nishimwe akaurudia. Baada ya miezi mitatu alikuwa akipiga kwa mikono yote miwili.

"Sikia, Dorothée!" Madame Astrid alisema siku moja, macho yakimng'aa. "Sikia mkono wake wa kushoto! Wewe hapo unakimbia, yeye anatulia."

Dorothée alitabasamu kwa midomo tu. Ndani ya kifua kitu kilimchoma kama kaa la moto.

Jioni hiyo walipokuwa wakila, baba yake, Papa Athanase, aliweka chini tonge la ugali. "Leo nilipita kanisani na ng'ombe," alisema, "nikamsikia yule binti wa Kingi. Nilisimama mpaka akamaliza. Ng'ombe walitangulia, nikawafuata mbio!"

Mama alicheka. Dorothée hakucheka. Miaka miwili baba alipita pale na ng'ombe wake. Hakuwahi kusema kwamba alisimama kumsikiliza yeye. Sahani yake ilibaki imejaa.

Wiki iliyofuata Madame Astrid alitangaza kwamba siku ya ibada ya mavuno, Jumapili, wimbo wa matoleo utapigwa na Nishimwe. Mazoezi na kwaya yangekuwa Jumamosi. Lakini Alhamisi mwalimu aliitwa kwenye mkutano Masisi, na mkutano wenyewe ulikuwa siku hiyohiyo ya Jumamosi. Nishimwe hakuwepo shuleni. Alikuwa shambani akimsaidia shangazi yake kuvuna, na angerudi shuleni Jumatatu.

"Dorothée, wewe unapita kwao," Madame Astrid alisema. "Mwambie mazoezi ni kesho, Ijumaa, saa tisa. Usisahau."

"Sitasahau, Madame."

Hakusahau. Alifika karibu na nyumba ya Mama Nyiraneza, akamwona Nishimwe akipiga maharagwe kwa fimbo ili yatoke kwenye maganda. Nishimwe alimpungia mkono. Dorothée naye akampungia, akapita.

Ijumaa kwaya ilikusanyika. Kiongozi wake, Papa Nsengimana, alitazama mlango, akatazama saa yake. "Huyu mutoto iko wapi?"

"Dorothée, ulimwambia?" Madame Astrid aliuliza.

"Ndiyo, Madame. Nilimwambia."

Walingoja nusu saa. Mwishowe Papa Nsengimana alisema kwaya haiwezi kukaa bure, na Dorothée akaambiwa aketi kwenye piano. Alikuwa amepata alichokitaka. Lakini wimbo ulipofika katikati, mkono wake wa kushoto ulikimbia tena, na waimbaji wakapoteana.

"Chukua ufunguo wa chumba, ujizoeze kesho," Madame Astrid alimwambia. Sauti yake ilikuwa ya huzuni.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Dorothée alikuwa peke yake kwenye piano, akikosea palepale, mara mlango ukafunguliwa. Nishimwe aliingia amelowa, viatu mkononi.

"Wengine bado hawajafika?" aliuliza.

Dorothée alitazama vibonye. "Mazoezi yalikuwa jana. Madame alitangaza darasani."

Nishimwe aliketi polepole kwenye benchi. Maji yalimdondoka sakafuni. "Basi ni kosa langu," alisema. "Ningekuja shule Alhamisi, ningesikia. Nani atapiga sasa?"

"Mimi."

Nishimwe alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Kisha akasogea. "Dada, nilikusikia nikiwa nje. Unagonga hapa haraka mno. Ngoja mkono wa kulia umalize kusema, kisha wa kushoto ujibu. Hivi." Aliweka vidole vyake vya baridi kando ya vya Dorothée, akapiga taratibu. "Sasa wewe."

Dorothée alipiga. Kwa mara ya kwanza hakukosea. Nishimwe alipiga makofi.

Dorothée aliondoa mikono yake. Angeweza kuvumilia matusi. Makofi yale hakuweza kuyavumilia.

"Si kosa lako," alisema, machozi yakimtoka. "Madame alinituma nikuambie. Nilikuona, nikapita. Kisha nikasema nilikuambia."

Nishimwe alimtazama. Aliinuka, akachukua viatu vyake, akatoka mvuani.

Dorothée alikaa kwenye ngazi za kanisa mpaka pikipiki iliyomleta Madame Astrid ikafika alasiri. Alimweleza yote kabla mwalimu hajavua kofia. Alitarajia kugombezwa. Madame Astrid alisema neno moja tu: "Twende."

Kwa Mama Nyiraneza, Dorothée alirudia maneno yake mbele ya wote. Mama Nyiraneza aliacha kuchambua maharagwe.

"Kwa nini?" Nishimwe aliuliza. "Nilikufanyia nini?"

"Hukunifanyia kitu. Baba yangu alisimama kukusikiliza. Mimi hajawahi kusimama kunisikiliza." Dorothée aliinamisha kichwa. "Nisamehe."

"Bado nina hasira," Nishimwe alisema. "Lakini nitapiga kesho."

"Na wewe, Dorothée, utaiambia kwaya ukweli, kwa mdomo wako mwenyewe," alisema Madame Astrid.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya ibada, Dorothée alisimama mbele ya kwaya akasema alivyodanganya. Papa Nsengimana alitikisa kichwa, na waimbaji wawili wakanong'onezana. Ilikuwa aibu kubwa, lakini alimaliza kusema. Kisha, wakati wa matoleo, mlango wa chumba cha piano ulifunguliwa, Nishimwe akapiga, na kanisa zima likaimba naye, watu wakileta vikapu vya maharagwe na mihogo mbele. Dorothée aliimba pamoja na wengine. Kaa lile lilikuwa bado linamchoma kifuani, ila sasa aliweza kuimba juu yake.

Baada ya ibada Madame Astrid alimwita kando.

"Bado unaona wivu?"

"Ndiyo, Madame. Kidogo."

"Umesema kweli, vizuri. Mimi pia nilikosa, nilimsifu kwa kukulinganisha naye. Sitafanya hivyo tena. Lakini sikiliza, mwanangu. Wivu kuja moyoni mwako si kosa. Unakuja kwa kila mtu. Ulikosa pale ulipouachia uchague maneno yako. Uliiba siku ya mwenzako kwa uongo, na hata hivyo mkono wako wa kushoto haukupiga vizuri zaidi. Mkono huo ulipotulia Jumamosi, ni nani aliyekufundisha?"

Dorothée aligeuka kumtafuta Nishimwe katikati ya watu waliokuwa wakitoka. Alipomwona, alienda kumwuliza kama Jumatatu anaweza kuketi tena kando yake kwenye piano.