Tawi Lililotupwa Darajani

Kikohozi kilisikika usiku wa manane upande wa mtoni, na rafiki yangu Nomathemba akakijua. Ni cha mumewe Mthunzi, waliyemzika Jumamosi.

Kabla ya maziko mama mkwe alimpa tawi la mti wa miiba, aende hospitalini aiite roho ya marehemu pale alipofia, aje nayo nyumbani juu ya tawi hilo, akiisemesha njia nzima.

"Mama, roho inakwenda kwa Mungu. Haivutwi na kijiti!"

"Huyo Mungu wako anapajua kwetu? Nenda, mkamwana."

Akaenda, akaita, akarudi akinong'ona, hadi darajani akakutana na mchungaji wake.

"Dada Noma, unaongea na nani?"

Aibu ikamshika, akalitupa tawi majini. Akakata jingine njiani, akampelekea mama mkwe.

Kikohozi kilipoanza alirudi mtoni, akaita mpaka sauti ikamkauka. Kikasogea ng'ambo, mbali zaidi.

Na mtoto wake, hata kukaa hajajua, kila usiku hugeuza shingo kuelekea mtoni. Kikohozi kikitulia, naye hukohoa, kikohozi kizito cha mtu mzima, kisha hunyamaza kusubiri.

"Niapie hutamwambia mwingine," Nomathemba alinisihi. Nikaapa, mwanangu nimempakata, naye akageuza shingo kuelekea mtoni.